Akaunti ya chuo pekee haikuingizi kwenye supakompyuta
Kama unajiuliza ukiwa na akaunti ya chuo unaingia tu kwenye supakompyuta, hapana, haikufikishi moja kwa moja hadi kwenye terminali (pale unapoiandikia mashine amri). Ile logini moja ya pamoja, unayoingilia huduma nyingi kwa akaunti ya chuo, inathibitisha tu we ni nani, ruhusa ya kutumia mashine inatoka kwenye mradi wa utafiti uliopewa masaa ya kutumia mashine, so kama kiongozi wa mradi hajakuongeza utaingia kwenye tovuti freshi tu afu SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali) inakukatalia.

Kwa Marekani, enzi za XSEDE (mpango wa kuwapa watafiti supakompyuta za vituo mbalimbali) kulikuwa na mashine moja ya kupitia, unalogini hapo mara moja afu unaruka kwenda mashine zingine kwa gsissh, aina ya SSH inayotumia cheti badala ya paswadi, bila paswadi tena (ilikuwa raha kweli), ila XSEDE iliisha 2022 ukaja mpango wa ACCESS kuchukua nafasi yake na hiyo njia haipo tena, sasa logini ya ACCESS ni ya tovuti na kuomba masaa, SSH kila kituo na utaratibu wake, kuna wanaotaka ufunguo wa SSH, wengine paswadi yao pamoja na uthibitisho kwenye simu. Cheki pia kama kituo chako kina Open OnDemand, programu ya kutumia supakompyuta kupitia tovuti, hiyo inafunguka kwenye brauza na sehemu nyingine inapokea hiyohiyo logini ya pamoja.