Maswali Yenu: Kupunguza mwili ukiwa unanyonyesha

SWALI: Nimejifungua miezi mitatu iliyopita na mtoto ananyonya tu, hajaanza kula. Kabla ya mimba nilikuwa na kilo 62, sasa mzani umeganda kwenye 71. Niliambiwa kunyonyesha kunapunguza mwili, mbona kwangu hakuna kitu? Na nikiacha chakula cha usiku, maziwa yatakauka?

JIBU: Hukudanganywa, ila uliambiwa nusu ya habari. Kumtengenezea maziwa mtoto ambaye hajaanza kula kunatumia kama kalori 500 kwa siku. Lakini mwili huohuo unaleta njaa ili uzirudishe, na njaa ya kunyonyesha haina adabu: inabisha hodi saa nane usiku, mtoto yuko kifuani, mkono mmoja tu ndio huru. Kinacholika kwa mkono mmoja ni biskuti, mkate na chai ya sukari. Kalori zako zinarudia hapo, na nyongeza juu.

Chukua chai peke yake. Kijiko kidogo cha sukari ni takriban gramu 4, sawa na kalori 16. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitano kwa siku, umeshafika 240 bila kutafuna chochote. Ukishuka hadi kijiko kimoja umeokoa 160, na sahani yako haijaguswa. Soda na juisi za boksi zipigie hesabu hiyohiyo.

Kwa hiyo chakula cha usiku usikiache. Ukilala njaa, biskuti za saa nane zitakuwa pakiti nzima. Kula milo mitatu, nusu ya sahani iwe mboga, robo wanga, robo maharage, samaki, nyama au mayai. Pale unaponyonyeshea weka mapema yai la kuchemsha, tunda, karanga za kujaza kiganja kimoja, na maji. Maji kunywa kwa kiu yako. Kujilazimisha malita hakuongezi maziwa. Kinachoyaongeza ni ziwa kunyonywa likapungua. Likikaa limejaa kwa saa nyingi, mwili unaelewa kwamba hayahitajiki na unapunguza kasi. Mama wengi huruka zamu za usiku ili walale, maziwa yakipungua lawama inaangukia chakula.

Lenga nusu kilo kwa wiki. Kilo zako 9 zitachukua zaidi ya miezi minne, na huo si uzembe. Usishuke chini ya kalori 1,800 kwa siku, na anayesoma haya akiwa hajafikisha wiki 6 asianze kupunguza chakula. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, ukishakojoa na kunyonyesha, maana maziwa yaliyojaa nayo yana uzito. Halafu mtazame mtoto: nepi 6 au zaidi zenye mkojo kwa saa 24, na mstari unaopanda kwenye kadi ya kliniki. Nepi zikipungua, au wewe ukianza kuona kizunguzungu, rudisha chakula siku hiyohiyo na mtoto apimwe. Kwa kawaida maziwa hayakauki kirahisi. Anayetangulia kuumia ni mama, kwa sababu mwili unachota kwenye akiba yake ili mtoto apate.

SWALI: Nina wiki 10 tangu nijifungue kwa upasuaji. Tumbo bado linaonekana kama la mimba ya miezi mitano. Nifunge mkanda au nianze mazoezi ya kukaa na kulala?

JIBU: Jikague kwanza. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu. Vidole viwili au zaidi vikizama kwenye bonde la katikati, misuli ya tumbo imeachana. Mazoezi ya kukaa na kulala yatalisukuma tumbo nje zaidi; ukiona linachongoka katikati kama paa la nyumba, acha hapohapo.

Anza na pumzi: ukiwa umelala vilevile, toa pumzi polepole huku ukivuta kitovu kuelekea mgongoni, mara 10. Ongeza kukaza misuli ya nyonga, kama unayezuia mkojo, kwa sekunde 5, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Usiyafanye huku ukikojoa kweli. Kutembea dakika 20 ni ruhusa iwapo kidonda kimefunga na hakivuti. Nyonyesha kwanza, kwani kutembea na maziwa yaliyojaa kunauma.

Mkanda unashikilia tu, hauyeyushi mafuta. Ukibana hadi mbavuni unaelekeza mgandamizo chini kwenye nyonga, na hapo mkojo unaanza kuponyoka ukikohoa.

SWALI: Chai ya kupunguza tumbo ninayouziwa, naweza kuitumia nikiwa nanyonyesha?

JIBU: Hapana. Nyingi zina majani ya kuharisha, kama sanamaki. Zinachopunguza ni maji na choo. Ukinywa maji mzani unarudi palepale. Vidonge vya kukata hamu ya kula navyo viache mpaka mtoto aache kunyonya.