Maswali ya wachongaji: gogo bichi, bei ya kinyago na tezo la babu

Nina miaka 19, naishi Newala. Babu yangu alikuwa mchongaji ila alifariki kabla hajanifundisha. Nianzie wapi?

Anza kwa kuuliza nyumbani kama tezo lake bado lipo. Mpini wa tezo la mzee huwa umeshaingia umbo la kiganja, na ukilishika tu utaona mkono unakwenda wenyewe mahali pake. Ongeza nyundo ya mti, patasi tatu au nne za upana tofauti, tupa na msasa. Patasi zangu mbili ninazozipenda zaidi alinifulia mhunzi kwa springi ya gari, na makali yake hayajanisumbua mpaka leo.

Mpingo usiuguse kwanza. Chukua kipande cha mwembe, chonga miko na vijiko hadi mkono ujue kufuata nyuzi za mti. Halafu tafuta fundi ukae naye. Miezi ya mwanzo atakupa msasa, na utachoka. Usikimbie, maana hapo kwenye msasa ndipo vidole vinapojifunza umbo lililokamilika likoje. Jifunze na kusikiliza pia. Gonga gogo la mpingo mkavu: zima hulia kama chuma, lenye uwazi ndani hutoa sauti ya kufa. Mimi mwenyewe ilinichukua zaidi ya mwaka kuitofautisha.

Nilinunua kinyago hapa Lindi, kizuri kabisa. Mwezi wa tatu kikapasuka kuanzia kichwani hadi kifuani. Nimekosea nini?

Hujakosea, dada yangu. Umeuziwa gogo bichi. Mti hukauka kuanzia nje. Nje ikijivuta na ndani bado ina maji, lazima ufa utokee. Ncha za gogo ndizo hukauka haraka kuliko pote, ndiyo maana umeanzia kichwani. Fundi mwenye subira hupaka nta kwenye ncha, hulaza gogo kivulini kwa miezi, kisha hulichonga umbo la awali na kuliacha tena litulie kabla ya kumalizia.

Nasema hivi na mimi nimewahi kuifanya dhambi hiyo. Mteja alitaka zawadi ya harusi kwa haraka, nikachonga gogo lililokatwa wiki tatu tu nyuma. Alikirudisha kikiwa na ufa unaoingia ukucha. Nilimrejeshea hela yake yote, na kile kinyago bado nimekiweka karibu na mlango wa karakana ili nikione kila asubuhi.

Chako kinatibika. Kisubiri kimalize kukauka, kisha fundi ajaze ufa kwa unga wa mpingo uliochanganywa na gundi, apige msasa juu yake. Baada ya hapo kiepushe na dirisha lenye jua, usikioshe kwa maji, kifute kwa kitambaa kikavu.

Mbona vinyago vya ujamaa ni ghali hivyo, na ni mti tu?

Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na mingi huwa imepinda au ina uwazi katikati. Ukishaondoa mbao nyeupe ya nje, kiini cheusi kinachobaki ni kidogo mno. Kwenye kiini hicho fundi anatoa watu kumi, kumi na watano, wamebebana mzee, mama na mtoto, bila kuunga popote. Patasi ikiteleza siku ya mwisho ikakata mkono wa mtoto, hakuna pa kuurudishia. Hesabu siku zake kama unavyohesabu za fundi mwashi, ndipo upatane naye bei. Mnaowabana mafundi hadi wauze kwa bei ya kuni mnaniumiza sana, kwa sababu watoto wao wanaona na wanaikataa kazi.

Vumbi la mpingo linaniwasha mikono na kifua kinabana. Nifanye nini?

Nenda hospitali wiki hii, na umwambie daktari unachonga mti gani. Vumbi la mpingo linajulikana kwa kuleta vipele na pumu. Piga msasa nje penye upepo, umevaa barakoa na mikono mirefu. Usilizoee.

Nina miti ya mpingo shambani, Liwale. Naweza kukuuzia?

Bila kibali, hapana. Anzia serikali ya kijiji na ofisi ya wilaya ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, upate kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia. Sheria hii inalinda riziki yetu sisi wachongaji, kwa sababu mpingo unagombewa hata na watengeneza klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, wa Ulaya. Jirani zako wa Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi, mwaka 2009 walipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, kwa msitu wanaousimamia wenyewe. Nenda ukawaone.

Mtu anataka kununua kinyago cha kuvaa cha jando alichoacha babu. Nimuuzie?

Usimuuzie. Kikishaondoka, kukirudisha ni kazi kubwa. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 kilikutwa kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, na kurudi kwake kulichukua hadi 2010. Akitaka kinyago, mwonyeshe mchongaji aliye hai amchongee kipya.

Mwanangu ameacha kunisaidia korosho, anashinda anachonga. Ana maisha hapo?

Mzee wangu, fedha yake haitakuja kwa msimu kama ya korosho. Kuna miezi atauza vitatu na miezi hatauza kitu, kwa hiyo asiliache shamba, msimu ukifika arudi. Ila nikuambie kinachomfunga pale. Unaanza na gogo la kijivu lenye magome, siku inafika unapitisha msasa wa mwisho, unapaka nta, na uso unakutazama kutoka ndani ya weusi ule. Mimi nimezeeka na bado mwili hunisisimka.

Mlete Jumamosi, aje na kazi zake zote. Na zile zilizovunjika asiziache nyumbani, hizo ndizo nitakazoanza kuzitazama.