Safura ni ugonjwa gani hasa?

Maswali ya safari hii yametoka Tanga mjini na Pangani, na yote yanahusu uvimbe.

*Bibi yangu akimwona mtu uso umemjaa na viganja vimekuwa vyeupe, husema "ana safura". Zahanati wanasema safura ni minyoo. Nimwamini nani? (Pangani)*

Waamini wote wawili, mwanangu. Wazee walitaja walichokiona: uso umeumuka, macho yamepauka, mtu akitembea kidogo anahema, wengine wanatamani kula udongo. Hospitalini jina likabaki kwa minyoo inayong'ata utumbo na kunyonya damu. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya anayetembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Damu ikipungua sana pamoja na protini yake, maji huvuja nje ya mishipa na mwili ukavimba. Lakini si kila aliyevimba ana minyoo. Apimwe choo na wingi wa damu kabla hamjanunua dawa.

*Miguu ya mama yangu inavimba kila jioni. Majirani wanasema matende. (Chumbageni)*

Mbonyeze kwa kidole gumba kwenye muundi, juu kidogo ya kifundo, uhesabu polepole hadi kumi, kisha achia. Shimo likibaki, hayo ni maji. Matende yaliyokomaa hayabonyei: ngozi ni nene, ngumu, na mara nyingi mguu mmoja humzidi mwenzake. Hayo huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu.

Maji ya miguu yote miwili ndiyo yanayonitia wasiwasi, maana huenda moyo, figo au ini vina shida. Uingereza nako uvimbe wa maji uliitwa kwa jina moja tu. Mwaka 1785 daktari William Withering aliandika jinsi alivyoutibu kwa mmea wa digitalisi, ambao ni sumu ukizidi kipimo. Wapo uliowafaa, wapo ambao haukuwafaa, kwa kuwa chanzo hakikuwa kimoja. Mama akishindwa kupumua akilala chali, mpelekeni hospitali leo hii.

*Nina mimba ya miezi minane, pete haitoki kidoleni. Ni kawaida?*

Miguu kuvimba kidogo ni kawaida. Uso na mikono vikivimba, kichwa kikauma au ukaona maluweluwe, nenda sasa hivi, dada yangu, usingoje siku ya kliniki. Huenda ni mwanzo wa kifafa cha mimba.

*Mume wangu ana mshipa na anaona haya kwenda kutibiwa.*

Huku pwani busha na ngiri vyote huitwa mshipa. Vyote hutibiwa kwa upasuaji. Ngiri ikikaza na kuuma ghafla huku anatapika, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.