Siku zibaki, mazoezi yabadilike

Mtu akiniambia ameacha mazoezi kwa kukosa muda, huwa simwamini sana. Wengi huacha kwa sababu wamechoshwa. Mashine ni ile ile, kona ya jimu ni ile ile, na muziki unapasua masikio. Ada ya mwezi imeshalipwa, lakini miguu inakataa kwenda.

Mimi sijiandai kwa mashindano. Nataka kupanda ngazi hadi orofa ya tano bila kuhema, nibebe maji mifereji ikikauka, na usiku nilale fofofo. Kwa haja hizo, ratiba ya mwanariadha wa Iten, ule mji wa wakimbiaji, haikuhusu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali, na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Dakika hizo uzipate kwa njia gani, ni juu yako.

Kanuni yangu ni moja: siku hazihami, kinachohama ni kazi ya siku hiyo. Jumanne ni ya pumzi, Alhamisi ya nguvu, Jumamosi ya kutoka nje ya mtaa. Ukianza kujiuliza "leo au kesho?" jua siku hiyo hufanyi kitu.

Jumanne basi naweza kuruka kamba uani, kupanda na kushuka ngazi za ploti (mlinzi atashangaa, mzoee tu), au kukimbia kwa kasi dakika moja na kutembea mbili. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo aliyehamia juzi kutoka Mombasa asishtuke pumzi ikikatika mapema. Ajipe wiki kadhaa.

Alhamisi ndiyo inayotaka akili. Mitandaoni wanahubiri kwamba misuli "ishtuliwe" kwa zoezi jipya kila mara. Sikubaliani nao. Misuli hupata nguvu kwa kurudia kazi ile ile na kuiongezea uzito kidogo kidogo. Ukibadilisha kila wiki utabaki na maumivu tu, wala hutajua kama umepiga hatua. Mimi hushika mambo manne: kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa na kubeba. Hayo hayatoki. Baada ya mwezi mmoja na nusu hivi ndipo nabadilisha namna. Pushapu za sakafuni zinakuwa za miguu juu ya kiti. Kuchuchumaa kwa miguu miwili kunageuka kuwa kupanda kiti kwa mguu mmoja mmoja. Kubeba ndiko ninakokupenda zaidi: mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20 na ushei, na kila nyumba Nairobi inao. Anza na nusu mtungi kila mkono, tembea ukumbini mgongo ukiwa wima, kisha ongeza maji wiki hadi wiki. Kuruka kichura niliachia shule, magoti yangu hayakitaki.

Jumamosi kichwa ndicho kinachopumzishwa, kwa hiyo hapo badilisha utakavyo. Msitu wa Karura hapa Nairobi una njia za kutembea, maporomoko, mapango na baiskeli za kukodi. Nikitaka kunung'unikia ada ya kiingilio, hukumbuka kwamba Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi akatoka damu akitetea msitu huo usigawanywe viwanja. Nalipa. Arboretum, bustani ya miti, ni ndogo na iko karibu na mjini, inamfaa mwenye saa moja tu. Ngong Hills nendeni kwa kikundi na mvae kizuia upepo, kule juu kunavuma kwelikweli.

Siku moja ya uvivu isikufanye upangue kila kitu. Ukiona wiki mbili mfululizo unaiogopa Jumanne, badilisha Jumanne peke yake. Goti au bega likiuma, hilo si suala la kuchoshwa. Pumzika, na lisipotulia mwone daktari.

Jimu siipingi. Mvua za Machi hadi Mei zikichachamaa, lipia uwe na paa juu ya kichwa, kisha kiangazi kikirudi toka nje. Ila soma masharti kabla ya kutia sahihi, kwa maana nyingine hudai taarifa ya mwezi mzima kabla hujajiondoa.