Mbwa anayejikuna hahitaji oili chafu

Juzi msomaji mmoja wa Mwanza amenitumia picha ya mbwa wake, mgongo umebaki ngozi tupu kuanzia kiunoni hadi kwenye shina la mkia. Akauliza, "Kaka, yule Simba wako ulimpa dawa gani?" Swali hili naletewa mara kwa mara. Watu wanataka jina la dawa wakimbilie dukani. Lakini kuwashwa ni dalili tu, na dawa isiyolenga kinachowasha ni pesa ya kutupa.

Simba, mbwa wangu, aliwahi kufika hali hiyohiyo. Usiku alijikuna hadi mlango wa banda unagonga, na ngozi ikaanza kutoa majimaji. Majirani zangu hapa Goba walisema ameoza. Ndugu yangu wa damu alitamka mbele ya wanangu kwamba nikamtupe porini. Kauli hiyo bado inaniuma, maana mbwa huyo ndiye aliyekuwa akikesha tunapolala sisi sote.

Ushauri ulikuwa mwingi: mpake oili chafu ya gari, mpake mafuta ya taa. Nilikataa. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na mbwa hujilamba, kwa hiyo unachompaka kinaishia tumboni. Muuza dawa za mifugo naye alitaka kumchoma sindano ya ivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, kwa kukisia, kipimo cha ng'ombe. Nikakataa tena. Kuna mbwa, hasa wa ukoo wa Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, ambao dawa hiyo huwapanda kwenye ubongo na kuwaua, na mbwa wetu wengi ni chotara, hujui wamerithi nini.

Daktari wa mifugo alimkwangua ngozi kwa wembe, akaangalia kwenye darubini. Hakuona vijidudu vya upele. Kisha akachana manyoya ya kiunoni kwa kitana chenye meno ya karibu, akadondosha vumbi jeusi kwenye pamba iliyoloweshwa. Pamba ikageuka nyekundu. Kile kilikuwa kinyesi cha viroboto, yaani damu ya Simba mwenyewe. Alikuwa na mzio (aleji) wa mate yao, na mbwa wa namna hiyo akiumwa mara chache tu anajikuna kwa siku kadhaa.

Hapa ndipo wengi wanapofeli. Wanamwogesha mbwa, banda wanaliacha. Viroboto unaowaona ni sehemu ndogo. Mayai yanadondoka kwenye mchanga, magunia na nyufa, na viroboto wachanga walio bado kwenye vifuko vyao wanaweza kungoja miezi kabla ya kutoka. Nilichoma magunia yote, nikamwaga maji ya moto kwenye nyufa, nikawapa mbwa wote wa nyumbani dawa siku moja. Miezi iliyofuata ilikuwa kufagia na kurudia dawa kwa tarehe. Leo manyoya ya Simba yanang'aa, na waliosema ameoza wanataka watoto wake.

Tunawafuga watulinde, tunawalaza juu ya wadudu, halafu tunawaita wachafu. Si haki, na Mungu anaona.

Mtazame anajikuna wapi. Kiunoni na mkiani, anza na viroboto. Kwenye kingo za masikio na viwiko, shuku upele, hasa kama na wewe umeanza kuwashwa, kwani ule wa mbwa humpata hata binadamu. Akilamba nyayo na masikio yakanuka, huenda ni mzio ulioalika fangasi. Na kama kuna paka nyumbani, usimpake dawa ya viroboto ya mbwa: baadhi zina permetrini, sumu ya wadudu, na hiyo inamuua.

Ukishaondoa hayo yote ukabaki kushuku chakula, mpe nyama ya aina ambayo hajawahi kula, hiyo tu, kwa wiki 8. Waambie na watoto, kwa sababu kipande kimoja cha kuku kikirushwa wiki ya sita, unaanza upya.