Maswali na Majibu: Mahabusu Ana Kura, na Daftari Halisubiri Mtu

Barua zilizonifikia safari hii karibu zote zinauliza nani ana haki ya kupiga kura na nani hana. Nyingine nimeshazijibu hapa zaidi ya mara moja, na hizo nitazijibu kwa ufupi.

Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu yuko rumande mwaka wa pili sasa, kesi inatajwa tu na kuahirishwa. Jirani ananiambia ukishaingia gerezani huna kura tena. Ni kweli? (Dada wa Chikongola)

Marahaba, mwanangu. Jirani amekosea, na kosa hilo nimelisikia mpaka kwa watu waliosoma. Mahabusu si mfungwa. Ni mtu ambaye mahakama haijamtia hatiani. Huenda kosa aliloshtakiwa halina dhamana, kama mauaji au uhaini. Huenda dhamana ipo lakini hakupata wadhamini. Kwa vyovyote bado ni raia kamili. Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Inaliruhusu Bunge kuwawekea mipaka watu wa makundi machache, wakiwemo waliotiwa hatiani kwa makosa fulani, na mdogo wako hajafika huko.

Kwa miaka mingi haki hiyo ilibaki kwenye karatasi kwa sababu moja tu: ndani ya magereza hapakuwa na kituo cha kujiandikisha. Mambo yalianza kubadilika Desemba 2022, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha sheria ya uchaguzi kilichowanyima wafungwa kura kinapingana na Katiba. Kisha ikaja sheria mpya ya uchaguzi, Namba 1 ya mwaka 2024. Katika uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura kabla ya uchaguzi wa 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliweka vituo 130 kwenye magereza ya Bara na 10 kwenye vyuo vya mafunzo, kama magereza yanavyoitwa Zanzibar. Walioruhusiwa ni mahabusu na wafungwa wa kifungo cha chini ya miezi sita.

Siku ya kumtembelea, muulize kama aliandikishwa humo ndani. Kama alijiandikisha mtaani kabla ya kukamatwa, jina lake liko kwenye kituo cha mtaani, na yeye hawezi kutoka kwenda huko. Hilo ndilo la kufuatilia daftari likifunguliwa tena.

Hukuniuliza, lakini nitalisema: mpaka huo wa miezi sita siukubali. Aliyefungwa miezi minne kwa kuiba kuku ana kura, aliyefungwa mwaka mmoja kwa kosa linalofanana na hilo hana. Afrika Kusini waliliona jambo hili mwaka 1999, pale Mahakama yao ya Katiba, kwa kalamu ya Jaji Albie Sachs, iliposema kwamba kura ya kila raia ni alama ya utu wake. Mtu akifungwa anapoteza uhuru wa kutembea. Utu wake haufungwi naye.

Nimepoteza kadi ya mpiga kura. Nifanyeje? (Wasomaji wengi)

Nimelijibu hili mara nyingi. Ikiwa jina lako lipo kwenye daftari la kituo chako, siku ya kura Tume imekuwa ikikubali kitambulisho cha Taifa, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria, mradi majina yafanane. Usipoteze kadi kwa kutegemea hilo.

Nina miaka 17. Waandikishaji walipopita nilirudi nyumbani nikijua si zamu yangu. (Kijana wa Naliendele)

Ilikuwa zamu yako, kama ungetimiza 18 ifikapo siku ya uchaguzi. Anaandikishwa aliye na miaka 18 na pia atakayeifikisha siku hiyo. Walimu wa sekondari, hili ni lenu. Waambieni wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, maana nyumbani wengi hawaambiwi.

Mwalimu, mimi ni mwanachuo hapa Mtwara. Nimesoma kuhusu shirika la vijana mjini Chicago, Marekani, linalohamasisha vijana wenzao na watu walioko jela kupiga kura. Je, sisi tunaweza? (Mwanachuo, Mtwara)

Swali hili nimelisubiri. Shirika hilo linaitwa Chicago Votes. Kazi yake kubwa ni ya miguu: kuwaandikisha vijana, kuwafundisha uraia, na kuingia jela ya Cook County mjini humo kuwaandikisha walioko ndani. Wengi wa walioko katika jela hiyo wanasubiri kesi, kama mahabusu wetu. Jimbo la Illinois lilipitisha sheria mwaka 2019, na Machi 2020 jela hiyo ikawa kituo cha kupigia kura. Waliokwisha kuhukumiwa na wanaotumikia kifungo huko hawapigi kura mpaka watoke, kwa hiyo usidhani wao wamemaliza kila kitu. Sisi kwenye kifungo kifupi tumewazidi.

Mnaweza, ila kuna utaratibu. Kutoa elimu ya mpiga kura kunahitaji kibali cha Tume, na kibali hutolewa kwa asasi iliyosajiliwa. Kikundi cha marafiki wenye fulana hakitoshi. Sajilini kwanza, au jiungeni na asasi iliyopo. Kuingia gerezani ni kwa idhini ya Magereza, na idhini hiyo huombwa kwa maandishi na mapema.

Na msianze mwezi wa kampeni. Kwetu hapa uchaguzi mkuu huangukia Oktoba, mwezi ambao korosho imeiva. Nusu ya vijana wa mjini wako Tandahimba na Newala wanaokota, wanabeba magunia kwenye maghala ya vyama vya msingi, wanaendesha bodaboda za mnadani. Anayetaka kuwapata vijana wa Mtwara awatafute Machi na Aprili, wakiwa vijiweni Magomeni na Mikindani, aje na kitu cha kuwaeleza. Muziki na fulana vinakusanya watu kwa jioni moja tu.

Neno moja la tahadhari. Mkikubali mafuta ya pikipiki kutoka kwa mgombea yeyote, hata mmoja, kazi yenu imekwisha siku hiyo hiyo.

Novemba 2024 nilikwenda kupiga kura ya mwenyekiti wa mtaa na kadi yangu mkononi. Nikaambiwa jina halipo. Nimeonewa? (Mkazi wa Magomeni)

Hujaonewa. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake. Unasimamiwa na TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa, si Tume, na hautumii kadi. Orodha ya wakazi kwa uchaguzi wa 27 Novemba 2024 iliandikwa kwa siku kumi tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na aliyekosa siku hizo amekosa miaka mitano. Nimeliandika hili mwaka 2019 na nikaliandika tena 2024.

Linaniuma kwa sababu uchaguzi huu mnaoudharau ndio ulio karibu zaidi na maisha yenu. Ndugu yako akikamatwa usiku, kitu cha kwanza mdhamini anachotafuta ni barua ya serikali ya mtaa. Dada wa Chikongola hapo juu ananielewa. Ofisi inayoandika barua hiyo ina mwenyekiti, na mwenyekiti huyo mnamchagua ninyi, au wanamchagua wachache waliokumbuka kujiandikisha wakati ninyi mmelala.

Mwanangu ana miaka 22. Tangu Oktoba 2025 hataki kusikia neno kura. Nimwambie nini? (Mama, Shangani)

Mama mwenzangu, usianze kwa kumwambia. Msikilize. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na siku zilizofuata watu walikufa, intaneti ilizimwa nchi nzima, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Vijana wengi walishtakiwa kwa uhaini, kosa lisilo na dhamana. Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na mwezi Novemba aliwaelekeza waendesha mashtaka wawafutie kesi waliofuata mkumbo. Kijana aliyeyaona hayo kwenye simu yake hawezi kuambiwa kwamba hakuna kilichotokea, nami sitakusaidia kumwambia hivyo.

Hasira yake ni halali, na sisi watu wa Mtwara tunaijua. Mwaka 2013, kwa habari ya gesi, vijana wetu walitoka barabarani, wakapigwa na wakakamatwa, na bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam likajengwa. Wapo waliojitenga na siasa tangu mwaka huo. Niliwaona wakizeeka wakiwa wamenyamaza, na kunyamaza kwao hakukumpunguzia kiongozi yeyote usingizi.

Mpe kitu cha kufanya kabla ya kumpa hoja. Mwende pamoja kwenye mkutano wa mtaa, asikie mapato na matumizi yakisomwa, aulize swali moja. Yasiposomwa, aulize kwa nini. Habari ya kura itarudi yenyewe baada ya hapo, na isiporudi, usimlazimishe.

Kijana alipita nyumbani kuandika namba za kadi zetu, akasema ni kwa ajili ya mikopo ya vikundi. (Bibi wa Mikindani)

Usimpe, Bibi, na wajukuu wakataze. Mikopo ya halmashauri haiombwi kwa namba ya kadi ya kura. Mtu wa namna hiyo mripoti kwa mtendaji.

Nimehama Mtwara kwenda Lindi. Nikajiandikishe upya huko ili nisikose? (Fundi seremala, Lindi)

Hapana, fundi. Kujiandikisha mara mbili ni kosa: kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili, au faini ya shilingi 100,000 hadi 300,000, au vyote kwa pamoja. Daftari likifunguliwa, nenda na kadi yako ya zamani useme umehama. Watakuhamishia taarifa zako kwenye kituo kipya.