Umeachishwa kazi Texas? Dai mafao yako, mdogo wangu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Dallas aliniandikia. Ghala alilokuwa akifanya kazi limepunguza watu, naye yumo. Anayeishi naye nyumba moja kamwambia asithubutu kuomba mafao ya kukosa ajira, eti atachafua makaratasi yake ya uhamiaji. Ananiuliza, "Dada, ni kweli?"

Si kweli. Maneno haya nimeyasikia hapa Houston harusini, misibani, kila tunapokutana, na kila mara yananichoma. Mtu anabeba maboksi usiku kucha, anaachishwa, halafu anaona aibu kudai kilicho chake! Mafao haya yapo tangu Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935, na hapa Texas fedha zake zinatoka kwenye kodi ya waajiri. Hakuna anayekupa sadaka. Kama una kibali cha kazi, na ulikuwa nacho wakati ukipata mshahara kazini, omba. Watu wa uhamiaji hawayahesabu kuwa ni kutegemea msaada wa umma.

Mimi nilipoachishwa niliomba siku ileile kwenye tovuti ya Texas Workforce Commission, idara ya jimbo inayosimamia mafao haya. Sababu nikaandika ilivyokuwa: kazi imepungua. Aliyekuwa mwajiri wangu akajibu kwamba nilikuwa mtoro kazini. Mimi! Niliyeingia zamu ya Krismasi wenzangu wakiwa nyumbani na watoto wao. Mpaka leo nikipita karibu na lile jengo moyo unaniuma.

Barua ya kukataliwa ikaja. Wengi huishia hapo. Mwisho wa kukata rufaa ni siku 14 tangu tarehe ambayo barua ilitumwa, siyo siku uliyoifungua, kwa hiyo barua isilale mezani. Nikaandika rufaa usiku uleule.

Usikilizwaji ulifanyika kwa simu. Niliomba mkalimani wa Kiswahili, ingawa Kiingereza nakijua, kwa sababu sikutaka neno langu hata moja lieleweke vibaya. Mkalimani hulipii. Upande wa pili alikuwapo mtu wa utumishi ambaye hajawahi kuniona hata siku moja, anasoma orodha ya siku nilizokosekana. Mimi nilikuwa na picha za ujumbe wa msimamizi wangu: "Usije leo, hakuna mzigo." Tarehe ipo, saa ipo. Zile picha nilikuwa nimezituma mapema kwa afisa anayesikiliza rufaa na kwa mwajiri pia, maana ndivyo utaratibu unavyotaka. Afisa alipomuuliza yule bwana kama namba ile ni ya msimamizi wao, alikaa kimya kidogo, kisha akasema ndiyo.

Nilishinda. Na nasema kwa kifua mbele: nililipwa na wiki zote za nyuma, kwa sababu wakati rufaa ikisubiri sikuacha kuomba malipo kila baada ya wiki mbili. Hapa ndipo watu wetu wanapopoteza. Wanasema, "Wameshanikataa, naomba nini tena?" Ukiacha kuomba, unaweza kushinda rufaa na bado wiki hizo zikapotea.

Ndugu zangu, tuwe watu wa kuweka kumbukumbu. Tunza ujumbe, tunza hati za mshahara, tunza barua. Kila wiki watataka uonyeshe umetafuta kazi, na idadi ya hatua wanazotaka inategemea kaunti unayoishi. Andika siku, jina la kampuni, uliongea na nani, wakasemaje. Ukipata kibarua cha siku mbili, kitaje, kwa mshahara wote kabla ya makato, katika wiki uliyofanya kazi hata kama hujalipwa bado. Usimsikilize anayekwambia ufiche. Wakigundua utarudisha fedha na faini juu yake, na hapo ndipo makaratasi huingia hatarini kweli. Halafu kumbuka haya mafao yanatozwa kodi ya mapato. Unaweza kuomba wakate asilimia 10 mapema.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Dallas, usisubiri wiki iishe. Dai huanza kuhesabiwa Jumapili ya wiki uliyoomba, siyo siku uliyoachishwa. Andaa namba yako ya Social Security, anwani ya mwajiri wa mwisho na tarehe za kuanza na kumaliza kazi, kisha ingia kwenye tovuti leo.